Upepo Usimfikie Mtoto

Hélène alikuja Johannesburg kumhudumia bintiye aliyejifungua, na siku ya kwanza tu alifunga dirisha.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la Doornfontein ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha nguo. Juu yake palikuwa na mabati, na juu ya mabati jua la Januari 2016, kiangazi ambacho mvua ilikataa na mabomba yakawa yanakohoa hewa. Jua likishapanda, kuta hazishikiki. Mishumaa iliyowekwa kwenye rafu kwa ajili ya siku za kukatika umeme ilijikunja ikainama, kama watu wanaosali.

Humo, nyuma ya pazia, ndimo alimomlaza mjukuu wake Emery, mchanga wa wiki mbili, amevishwa kofia ya sufu na soksi, kazungushiwa blanketi mbili. Ndivyo wachanga wanavyotunzwa kwao Bukavu, kwenye vilima vya juu ya ziwa, ambako asubuhi huja na ukungu. Mama huogeshwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa moto, mtoto hufunikwa, mlango haufunguliwi ovyo. Upepo ukishamwingia mtoto kifuani, alisema Hélène, hautoki tena.

"Mama, hapa si Bukavu," Carmel alilalamika, jasho likimtiririka shingoni. "Tufungue kidogo tu."

"Wewe nilikulea kwa kufungua?"

"Kule kuna baridi."

"Baridi iko kila mahali. Inangoja tu."

Gaston, mumewe Carmel, alikuwa mlinzi wa duka moja Fordsburg. Alirudi jioni sare yake imeganda chumvi mgongoni, akakaa kwenye ngazi za nje. Kwao mwanamume habishani na mama mkwe, hata macho hamwinulii. "Eish," alisema tu, akaomba maji. Mgawo wa siku ile ulikuwa umeshaisha.

Aliyethubutu ni Duni, kijana wa Kitanzania wa chumba cha jirani, muuza viatu vya mitumba. Kesho yake mchana alisimama mlangoni akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Neno hilo alikuwa amejifunzia hapo hapo kwenye jengo.

"Bibi, huyo mtoto unamlea au unamwoka?"

"Wewe umezaa wangapi?"

"Bado, bibi."

"Basi ukipata wako, mwanike kwenye kamba."

Duni alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya, umenishinda. Ila nikisikia harufu ya mkate, naingia bila hodi."

Alipoondoka, Hélène alirudishia mlango na kuziba uwazi wa chini kwa kitambaa. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kwa haraka, kama mikono ya mtu anayefuatwa.

Alikuwa akifuatwa kweli. Mwaka wa vita, Bukavu ilipotekwa, alikimbia na watu wengine kwa njia ya Walikale, msituni, mvua ya Novemba ikiwapiga usiku na mchana. Carmel, wa miaka minne, alishika sketi yake. Mgongoni alimbeba Ruphin, mdogo wa kiume wa Carmel, ndani ya kitenge kilicholowa. Ruphin alilia siku nzima, kisha akanyamaza, na Hélène akashukuru. Wenzake walipomwuliza, alijibu, "Amelala. Tuendelee." Wakaendelea mpaka walipopata banda la kujikinga mvua. Alipofungua kitenge, alimkuta wa baridi na mgumu, na hakujua ni kwenye kilima kipi alimpoteza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikosa. Tangu hapo aliwafunika watoto wote waliopita mikononi mwake, wake na wa wenzake, na wote walikua.

Mchana ule Emery naye alinyamaza. Asubuhi alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, ya kukwaruza. Sasa alitulia, uso mwekundu, midomo mikavu. Hélène aliketi kando yake, akaridhika. Mtoto mtulivu, alijisemea.

Carmel aliamka na maziwa yakimuuma. Akamchukua mtoto, akamwekea titi mdomoni. Mdomo haukushika. Akajaribu tena. Kichwa kidogo kiliangukia upande.

"Mama! Hanyonyi. Mama, mtazame!"

"Amelala," Hélène akasema. "Tuendelee..."

Carmel hakuelewa waendelee wapi. Lakini Hélène alikuwa ameshaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ile ile, na kwa kitambo hakujua ni mtoto yupi aliye mbele yake. Chumba kilinuka majani mabichi na nguo zilizolowa. Aliinua mkono kumfunika zaidi, mkono ukabaki hewani.

Kisha akavuta blanketi ya kwanza, na ya pili. Akang'oa kofia, akararua soksi. Mwili wa mtoto ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, bila tone la jasho.

"Duni!" alipiga kelele. "Duni, dirisha!"

Duni aliingia mbio, akalipiga bega lile dirisha la chuma mpaka likaachia. Alikuwa na chupa ya maji aliyoitunza. Hélène akaimimina yote kwenye kanga, akampangusa Emery kichwani, kwapani, mapajani, huku meno yake yakigongana kama ya mtu aliyenyeshewa. Carmel alilia. Duni alisema twende kliniki, twende sasa hivi. Walikuwa wameshashuka ngazi, mtoto akiwa na nepi tu, upepo mkavu wa barabarani ukimpiga, ndipo Emery akalia.

Kliniki walimtundikia maji, wakamlaza siku mbili, wakamrudisha mzima.

Joto lilidumu wiki nyingine. Dirisha likawa wazi, na Hélène hakuligusa tena. Aliketi kwenye stuli kati ya dirisha na kitanda, akiupa upepo mgongo wake. Gaston alilala vizuri.

Lakini kila Emery aliposhiba na kufumba macho, bibi yake alinyoosha mkono akamfinya unyayo mpaka akapiga kelele.

"Mama, jamani, mwache alale," Carmel alisema.

"Alie kwanza," Hélène alijibu, na kusubiri kidogo, na kumfinya tena.