Mbuzi Aliyekula Somo la Mimea

Nilipokuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya msingi huko Tindiga, kila muhula ulifunguliwa kwa swali lilelile: "Madam, tunaenda lini Mikumi kuona wanyama?" Mbuga haikuwa mbali kiasi cha kukatisha tamaa, lakini basi la kutufikisha halikuwahi kupatikana. Mwaka mmoja nikachoka kuahidi. Nikatangaza kwamba kama sisi hatuwezi kuwafuata wanyama, wao watatufuata darasani.

Kwa tahadhari nilianza na mimea, kwa kuwa haitembei. Darasa la sita walileta makopo ya rangi na ya mafuta ya kupikia, tukapanda mahindi na maharage, tukayapanga chini ya dirisha. Kiranja wa darasa, binti wa familia iliyolima mpunga pale tangu enzi za mababu, akajitwalia mamlaka yote. Kila asubuhi alipita na rula, akapima kila mche, kisha akatangaza matokeo kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Aliyesahau kumwagilia alisomwa mwishoni, mahali pa taarifa za vifo.

Kisha tukafika kwenye wanyama wanaocheua. Picha ya tumbo la mbuzi katika kitabu chetu ilifanana zaidi na ramani ya wilaya. Nikauliza nani amewahi kumtazama mbuzi akicheua. Nyuma kabisa, mkono ukainuka ambao sikuwa nimeuona ukiinuka tangu mwaka uanze.

"Madam, nyumbani wapo. Naweza kuleta mmoja."

Alikuwa binti wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, mrefu kuliko wenzake, mpole wa kupindukia.

"Alete tu," kiranja akasema. "Ila mbuzi wa kwao hawajui kupiga hodi."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka maneno ya baba wa yule mwenye mbuzi siku alipomwandikisha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, fimbo magotini. "Mwalimu, tangu nihamie huku, kila nikiitwa ofisini ni mifugo na mazao. Huyu nimemwacha asome. Lakini siku nitakapoitwa kwa kesi kwa ajili yake, atarudi kuchunga ndama." Nilimhakikishia, kwa kujiamini kwa msomi, kwamba shuleni hakuna kesi za namna hiyo.

Ijumaa mbuzi akaja, mweupe, sikio moja la kahawia, akafungwa kwenye mguu wa dawati la mbele. Tukamzunguka tukisubiri acheue. Hakucheua. Alitutazama mmoja mmoja kama mkaguzi wa shule.

"Madam," mwenye mbuzi akanong'ona, "ametoka zizini moja kwa moja. Hajala. Sasa acheue nini?"

Hoja ilikuwa nzito. Nikawatoa wote nje wakakate majani, nami nikaenda nao, maana kwenye majani marefu nyoka hakosekani. Walikata kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona siku za usafi. Tuliporudi, kila mmoja na mzigo wake kifuani, mbuzi alikuwa amelala kwa utulivu, macho nusu yamefumba, taya likienda kushoto na kulia.

"Anacheua!" darasa likalipuka kwa furaha. "Madam, anacheua!"

Furaha hiyo ilidumu mpaka kiranja alipouliza, polepole, "Anacheua nini?"

Tukageuka wote. Chini ya dirisha makopo yalikuwa yamesimama kwa mpangilio wake uleule, ila juu ya udongo vilibaki vishina tu. Kamba ilikuwa imefika. Ilikuwa imefika vizuri kabisa.

Watoto wa mahali pengine wangelia, au wangecheka. Hawa walikuwa watoto wa Tindiga. Walijua nini hufanyika mifugo ikiingia shambani. Kabla sijatafuta neno la kusema, madawati yalikuwa yamesogezwa na baraza limekaa.

"Mlalamikiwa asimame upande ule," kiranja akaamuru. "Watathmini, pimeni uharibifu. Madam, wewe ni mtendaji wa kijiji. Kaa pale."

"Na mtendaji anafanya nini?" nikauliza.

"Anasikiliza tu, madam."

Nikakaa, nikasikiliza. Walizungumza kwa sauti za baba zao, wakakohoa vikohozi vya baba zao. Mmoja alidai mahindi yake yalikuwa yamekaribia kuzaa. Alikumbushwa kwamba jana yalikuwa chini ya urefu wa kalamu. Mwishowe hukumu ikatoka: mwenye mifugo aitwe.

Hapo binti wa wafugaji akafungua mdomo. "Niiteni mimi. Baba msimwite."

Nilivunja baraza, nikasema mchezo umekwisha, hakuna atakayeitwa. Nilidhani nimesikika. Lakini kati yao alikuwemo mtoto anayepita karibu na maboma ya wafugaji kwenda kwao, naye alikuwa amepewa kazi na baraza kabla mtendaji hajaamka. Alifikisha wito kama ulivyo: "Mzee, shikamoo. Unaitwa shuleni. Mbuzi wako ameingia shambani."

Jumatatu asubuhi baba akatokea, koti zito mwilini, fimbo mkononi, wazee wawili wa kushuhudia, na nyuma yao beberu mnene wa fidia. Darasa likasimama. "Shikamooni!" "Marahaba." Mwalimu mkuu akaja mbio, akamtazama beberu kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tuache sheria ifuate mkondo wake."

"Nionyesheni shamba," mzee akasema.

Hakuna aliyesogea. Nikamwonyesha dirisha.

"Hapo naona makopo."

"Ndilo shamba, mzee."

Aliyatazama makopo, akawatazama mashahidi wake, ambao nao walitazama dari. Nilianza kueleza, lakini alinyanyua mkono. "Kesi ni kesi. Nimeitwa, nimekuja. Fidia hiyo hapo nje." Kisha, bila kupandisha sauti, akamgeukia bintiye. "Chukua begi lako."

Binti akaanza kukusanya madaftari.

"Samahani, mzee." Alikuwa kiranja, ameshika rula. "Tathmini haijakamilika."

Akamwita mzee aje aone. Mahindi, yaliyoachwa vishina siku ya Ijumaa, yalikuwa yametoa majani mapya katikati, ya kijani kibichi. Sehemu inayokua kwenye mche mchanga wa mahindi hukaa chini, karibu na udongo, mbuzi asikofika. Maharage hayakuwa na bahati hiyo. Kwayo sehemu hiyo iko juu, na mbuzi alikwenda nayo.

"Kwa hiyo mahindi tunayafuta kwenye madai," kiranja akasema. "Yamebaki maharage. Beberu ni mkubwa mno. Tunadai samadi, na maharage yapandwe upya na mlalamikiwa mwenyewe."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi ndefu.

"Sawa," mzee akasema. "Samadi italetwa. Twende, binti."

"Hawezi kwenda, mzee."

"Kwa nini?"

"Mlalamikiwa haruhusiwi kuondoka kijijini kesi ikiwa inaendelea." Sauti ilikuwa ya mwenyekiti wa baraza.

Mzee akawageukia mashahidi. Wakaitikia kwa vichwa: ndivyo ilivyo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mazao yakomae."

Akafungua kamba ya beberu, akaondoka naye. Binti akarudisha madaftari mezani, safari hii dawati la mbele.

Kesi hiyo haikufungwa. Kila maganda ya maharage yalipoanza kukauka, kuna mkono ulioyang'oa na kupanda mengine, nami kama mtendaji sikuona kitu. Miche ilikuwa bado michanga mwaka uliofuata, walipofanya mtihani wa darasa la saba, wote, pamoja na mlalamikiwa. Katika muda wote huo, kila nilipokutana na baba yake mnadani, baada ya salamu aliniuliza, "Mwalimu, yale maharage yamekomaa?"

"Bado, mzee."

"Aa. Basi tusubiri," alijibu, mtu ambaye nyuma ya boma lake alivuna maharage kila msimu.