Kura ya Majaribio Usenge

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi viliporudi, kikundi cha vijana wa kanisa letu mjini Kisumu kilitutuma watatu Usenge tukawafundishe akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, namna ya kupiga kura ya siri. Wenzangu walikuwa wageni wa kanisa kutoka nchi jirani, mwalimu kijana kutoka Musoma na msichana wa Jinja. Njiani mwalimu alisema kwao siasa ni somo la shule ya msingi, ingawa chama cha kuchagua kilikuwa kimoja tu. Msichana akasema kwao kijijini watu hupanga foleni nyuma ya wanayemtaka, mchana, kila mtu akiona.

"Hata sisi tulipanga uchaguzi uliopita," nikamwambia. "Foleni ndefu ikatangazwa imeshindwa."

Tulifikia kwa mama mdogo wangu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa ufuo ule kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyetuitia watu. Mwalimu alipotaka tufanye kura ya majaribio, alikubali upesi.

"Fanyeni ya mwenyekiti. Hiyo wanaijua."

Muuza chai mmoja wa kikundi akasukumwa asimame dhidi yake, wote wakicheka. Sanduku letu lilikuwa katoni ya sabuni, na pazia letu leso.

Karatasi nilizihesabu mimi. Mama mdogo alipata tatu. Nyingine zote, karibu thelathini, zilikuwa za muuza chai. Niliyasoma matokeo kwa sauti kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

"Haya yalikuwa mafunzo tu," nikasema.

Mama mmoja wa makamo akasimama. "Mafunzo tumeyaelewa. Sasa ufunguo wa stoo ya kikundi, apewe mwenyekiti."

Mama mdogo akaufungua kwenye pindo la leso yake, akauweka juu ya katoni. Muuza chai alikawia kuuchukua.

"Kwetu mama yako mdogo angeshinda," msichana wa Jinja aliniambia baadaye. "Nani angethubutu kusimama foleni nyingine mbele ya macho yake?"

"Kwetu angepita bila kupingwa," akasema mwalimu.

Jioni mama mdogo alitupikia samaki, ngege, kama kawaida.

"Nyathina, mwanangu, wewe ulimpigia nani?"

"Mimi sikupiga, Mama. Si mwanachama."

"Sawa," akasema, akaniongezea ugali.

Mwezi uliofuata alitoka kikundini, akawa anaanika omena yake peke yake. Uchaguzi wenyewe ulipofika, niliambiwa, alifika kituoni kabla ya wengi. Kuhusu kazi yangu ile ya kura hakuniuliza tena, nami sikumweleza.