Kijana wa Tarumbeta na Dirisha Lake

Waliokuwapo siku ya arobaini ya mume wangu ni hawa: binti yetu wa pekee, mumewe anayefanya kazi ofisini Randburg, mtoto wao wa kike, na jirani yetu wa mtaa wa Bellevue, tulikokaa tangu tutoke Tanga, msusi, Mkongo wa Bukavu, ambaye si ndugu lakini ndiye aliyeosha vyombo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikaa koridoni nyuma ya pazia, kwa kuwa nilikuwa bado kwenye eda. Majina ya wote ninayo, hata ya watoto waliopita kuchukua pilau. Siyaandiki, wapo hai na watachukia.

Dua ilipoisha vitu vya marehemu vikagawanywa. Koti kwa shemeji, saa kwa mkwe. Mjukuu akataka vile vitabu vya picha. Ni vya zamani, vya Kiingereza, watu wanakwenda nyotani kwa roketi. Marehemu alivipata kwenye vitu vya kutupwa kule Jeppestown alikokuwa akichomelea mageti. Kusoma Kiingereza hakujua, mimi ndiyo kabisa. Alisoma picha. Yumo kijana mpiga tarumbeta. Anashuka kwenye nyota ya watu wa chuma, anapuliza, nao wanaweka silaha chini wanacheza. Picha ya mwisho yuko dirishani, kainua mkono. Marehemu alikuwa akimwambia mjukuu, hapo anaaga, anarudi kwao. Halafu ananigeukia mimi. "Na sisi mwakani, Tanga."

Kila mwaka ni mwakani. Nyumba za watu wengi mjini hapa zinafungwa kwa mageti ya mkono wake, na yeye kazikwa hapa hapa.

Mimi siku ile nilikuwa na neno moja tu: eda ikiisha, nirudishwe Tanga. Nyumba ya mama yangu ipo, dada yangu yumo. Nikalisema, sauti nikaipandisha ili lifike koridoni. Mkwe akasema Mama apumzike kwanza, kwao Randburg kuna chumba, kuna lifti. Binti yangu akaangalia zulia. Pazia likajibu, "Hilo, shemeji, tuachie sisi wanaume." Mkwe akatoka kwenda huko huko koridoni. Nilisikia vijiko vya chai zaidi kuliko maneno.

Mjukuu alikuwa kainamia kitabu chake. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo taabu. Akacheka kidogo peke yake, kisha akaacha.

"Eish, Bibi. Babu alidanganya. Hii dirisha si ya roketi."

"Ni la nini?"

"Ya nyumba. Watu wa chuma wanamfungia. Wanapenda muziki yake, hawataki aende. Roketi inaenda bila yeye."

Msusi akamwambia, "Mtoto, funga ile kitabu." Binti yangu akasema hayo ni mambo ya kitabu tu.

Mkwe akarudi na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Ni Randburg, akasema, na akaniita Mama kwa upole sana.

Chumba hiki cha Randburg ni kizuri, sina la kukisema. Dirisha halifunguki lote, wanasema ni usalama kwa kuwa tuko juu. Jumapili marafiki wa mkwe wangu huja wakala pilau yangu, wakaisifu mpaka sahani ya mwisho.

Ikiwa koti alipewa mkwe na saa shemeji, aliyekuwapo anisahihishe. Na kama yupo aliyesikia kilichosemwa koridoni, naye aniambie, maana hicho sikukisikia.