Mafuta ya Nazi kwenye Mrija wa Fataki

Ukimwuliza Leokadia ni kazi gani aliyoipenda tangu atue Marekani, atakukunjia uso kwanza, kisha atakuambia: kujaza risasi. Watu hucheka. Mama wa Kihaya, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya, eti kujaza risasi. Wacheke tu. Kabla ya hapo alikuwa akikesha katika nyumba ya kulelea wazee huko Silver Spring, akiwageuza wagonjwa vitandani, na binti yake Queen akilala kwa jirani kama mzigo ulioachwa stendi. Karakana ya risasi kule mjini Sterling ilimpa kazi ya mchana. Jioni alikuwa nyumbani, sufuria jikoni, mtoto akimsimulia mambo ya shule kwa Kiingereza naye akimjibu kwa Kiswahili. Hakutaka makuu. Alitaka jioni zake, basi.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la matairi, ndege za uwanja wa Dulles zikipita juu ya paa hadi chai inatetemeka kikombeni. Maganda ya risasi yaliyookotwa kwenye viwanja vya shabaha yaliletwa pale yasafishwe na kujazwa upya, kwa ajili ya watu wa mazoezi. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mashine, lakini mashine hiyo ina sehemu moja yenye deko, nayo ni njia ya fataki. Fataki ni kile kikombe cha shaba, kidogo kama punje ya dengu, kinachokaa kitakoni mwa risasi na kuiwasha inapogongwa. Unazipanga kwenye kisahani zikitazama upande mmoja, unazidonoa kwa ncha ya mrija mpaka ujae, kisha unazimimina juu ya mashine. Kutoka hapo hushuka moja moja hadi kwenye kitelezi, nacho huzipeleka chini ya ganda. Zikishuka vizuri utasahau kwamba zipo. Zikigoma, siku yako imekwisha.

Leokadia alizijua hila zake zote. Ncha ya mrija ikipasuka, fataki hulala ubavu. Unga mweusi ukijikusanya chini ya kitelezi, kitelezi hakirudi hadi mwisho, fataki haizami sawasawa, na mtu akija kufyatua bunduki yake anasikia ta, halafu kimya. Kwa hiyo kila siku kabla ya kufunga kazi alivaa miwani, akaziondoa fataki zote, akakifungua kitelezi na kukisugua kwa brashi na kitambaa chenye spiriti, akauacha mrija ukauke kabisa. Sharti lilikuwa moja tu: pawe pakavu. Mashine nyingine zinaomba mafuta. Pale ukitia mafuta umejipalia makaa.

Aliyeuvuta mkono wa mashine alikuwa Mzee Gichuki, Mkenya wa Nyeri, mjane, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki huko Lanham. Leokadia ndiye aliyemwombea kazi ile baada ya mzee kupunguzwa kazi ya ulinzi. Kila asubuhi alimpa shikamoo yake. Kwao Gichuki salamu hiyo huishia kwenye vitabu vya shule, lakini alinogewa nayo upesi, akawa anaitikia "marahaba" kwa sauti ya askofu.

Januari ilipoingia na baridi yake kavu, mikono ya mzee ikapauka, ikapasuka, ikaanza kutoa damu kwenye vifundo. Leokadia hakuweza kuvumilia. Mtu mzima kutoka nyumbani amepauka hivyo! Kwetu mtoto hatoki mlangoni bila kupakwa mafuta, maana watu watauliza kama ana mama. Mzee hakuwa tena na mtu wa kumwangalia. Basi Leokadia akamnunulia kopo la mafuta ya nazi, akampa kwa mikono miwili. Mzee alishukuru mpaka akalengwa na machozi. Akaanza kujipaka jioni, kisha asubuhi, kisha kila wakati wa chai, akijifikicha vidole huku akiitazama mikono yake kama bwana harusi.

Haukupita muda, fataki zikaanza kugoma. Leokadia akabadilisha ncha ya mrija, wapi. Akasugua kitelezi, kikatembea asubuhi, mchana kikanata tena. Siku moja akakifungua chote, akakuta chini yake utando mweusi, laini, unaovutika. Akaupeleka puani. Ulinukia nazi.

Alielewa papo hapo. Mrija ulipokaribia kuisha, mzee alikuwa akijaza mwingine mwenyewe, kwa nia njema tu, ili kazi isisimame, na vidole vyake viking'aa. Lakini utamwambiaje mwenyekiti wako wa jumuiya kwamba mikono yake inaharibu kazi, na mafuta umempa wewe? Leokadia akazunguka mbuyu.

"Mzee, hizi fataki zina deko kama watoto wachanga," alimwambia. "Naomba tuwe tunavaa glavu, mimi na wewe."

"Hizo glavu hunifanya nijikune," Gichuki alisema, "lakini ni sawa, wacha tujaribu."

Alizivaa Leokadia akiwepo. Leokadia akienda stoo, zinarudi mfukoni. Basi yule mama akawa anasafisha nyuma yake, kabla ya kazi na baada ya kazi, akijidanganya kwamba baridi itapungua na kopo litaisha.

Halikuisha mapema. Risasi zilirudishwa kutoka uwanja wa shabaha, masanduku kwa masanduku, fataki zimepigwa na hazikulia. Mwenye karakana akawaita wote wawili mbele ya mashine. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu ni nani anayejaza mirija.

Gichuki aliitazama mikono yake. Leokadia aliona alivyoitazama, na ndiyo maana hatamsamehe. Kama asingeitazama, angesema mzee hakujua.

"Mimi huvuta mkono wa mashine tu," Gichuki alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mirija ni ya Leokadia."

Hapa ndipo unapotamani umshike huyu mama mabega umtikise. Sema! Lakini kwao Kagera mzee akiteleza mbele za watu humrukii. Unanyamaza, unainamisha macho, unampa nafasi ajirudi mwenyewe, na mzee mwenye haya hujirudi. Kimya kile ni heshima, tena ni heshima nzito. Leokadia akaangalia sakafu, akangoja. Mwenye karakana, ambaye kwao mtu asiye na kosa hujitetea, akaona mwanamke anayekiri. Wala hakuwa mtu mbaya, maana alimwuliza tena kama ana la kusema. Leokadia akainua macho kumtazama Gichuki. Gichuki alikuwa akikifuta kitelezi, ambacho hakuwahi kukifuta hata siku moja. Mwenye karakana akamwambia mama achukue koti lake.

Shukrani ya punda ni mateke, alijiambia njiani, na akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mzee alikuwa na mdomo, na yeye alikuwa na adabu, na ni adabu iliyomponza. Akarudi Silver Spring kwenye zamu za usiku. Queen akarudi kulala kwa jirani, Edna. Jioni moja, akifungasha nguo zake za kulalia, mtoto aliuliza ni lini tena wangekula pamoja. Leokadia alijifanya anatafuta funguo.

Baridi ilipokwisha walikutana kwenye Misa ya Kiswahili kule Lanham. Watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana, na Gichuki katikati yao, suti imepigwa pasi, akipokea salamu. Alipomwona Leokadia alitabasamu kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu asiyekumbuka lolote, akamnyooshea mkono. Mkono ulikuwa laini, hauna ufa hata mmoja.

"Leokadia, umepotea sana," alisema. "Na yale mafuta yako yameisha. Utaniletea mengine lini?"

Kisha akangoja shikamoo yake. Wanajumuiya waliozoea kuisikia nao wakangoja.

"Habari za asubuhi, Gichuki," alisema Leokadia, akapita na mwanawe.