Ami Alinichagulia Jiwe la Sakafu

Ndugu wasomaji, namshukuru Bwana Mhariri kwa kukubali kulificha jina langu, maana ninayemshitaki kwenu ni damu yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita. Nimesoma hadi sekondari, na nasomesha watoto wadogo huku Likoni. Mume wangu afanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe. Twaishi Mtongwe pamoja na mamangu, katika nyumba ya udongo na makuti aliyotuachia marehemu baba. Nyumba ni yetu, lakini ardhi ni ya ami yangu, nduguye baba. Kila mwezi humpelekea kodi ya ardhi kama wafanyavyo wengi huku, na sikuwahi kuona uzito. Siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekuwa walii, akaniozesha.

Mama ana maradhi ya magoti. Masika yakija, sakafu ya udongo hunyevuka na yeye hawezi hata kuinuka kuswali. Mwaka jana tukakata shauri kuweka mawe, ukumbini na jikoni. Mimi sipendi kununua kitu bila kukijaribu. Nilitafuta kipande cha jiwe bapa la Mazeras na kipande cha tumbawe lililokatwa kwa msumeno, nikaviweka uani. Nikavimwagia samli, ndimu na maji ya manjano, na kila siku nikaandika nilichokiona. Tumbawe lilikunywa samli, na ndimu ikalila. La Mazeras halikudhurika. Tena fundi alinambia mawe hayo hulazwa juu ya mchanga tu, na siku mtu akihama huyainua akaenda nayo.

Ami alipokuja nikamwonyesha. Alilipiga la Mazeras kwa fimbo yake, akacheka. Alisema jiwe lile litamkwaruza mama miguu, na jua likipiga mlangoni litawaka kama chuma cha kukaangia. Tumbawe ni baridi, akasema, ndilo walilolalia wazee wetu, mradi lishikwe kwa chokaa na saruji. Nikamwambia nahofia, maana likishashikwa haling'oki ila kwa kuvunjika.

"Jiwe la juu ya mchanga ni la mpita njia, mwanangu," akanijibu. "Wewe wapita wenda wapi? Hapa ni kwako."

Maneno hayo yalinitoa machozi. Nikaacha niliyoyaona kwa macho yangu, nikafuata kauli yake. Alikuja mwenyewe kumsimamia fundi, akihimiza saruji iongezwe. Majirani wakatucheka kwamba nyumba yetu imevaa kanzu mbovu na viatu vya harusi. Hatukujali. Mama alikuwa akikaa chini amenyoosha miguu, akiombea ami umri mrefu.

Tangu habari za Uhuru zipambe moto, watu wengi watafuta viwanja. Siku moja ami alikuja na mgeni, mfanyabiashara wa nguo. Mgeni akavua viatu, akatembea ukumbi mzima akibonyeza mawe kwa kisigino. Mimi nikampikia kahawa. Mgeni alipotoka, ami akabaki kunambia kwamba ardhi ameiuza.

"Ami, na sisi?" nikamuuliza.

"Nyumba ni yenu. Boriti, milango, makuti, vunjeni mchukue, hiyo ndiyo ada ya tangu zamani. Sakafu imeshikana na ardhi, na kilichoshikana na ardhi ni cha mwenye ardhi."

Nilimkumbusha kwamba saruji ile aliitaka yeye. Akanijibu kwa upole kwamba yeye alitoa rai tu, mkono uliolipa ni wangu. Siku ya tatu ami akamtuma mkewe kuniuliza ni mafuta gani nisuguliayo yale mawe hata yakang'aa, kwa kuwa mke wa mnunuzi angependa kujua.

Sasa tumepewa hadi mwisho wa mwezi. Wazee wa mtaa wamesema ada ni hiyo hiyo, hawawezi kuigeuza. Mume wangu ameazima nyundo kubwa kazini, asema hatumwachii mtu hata kipande kizima. Jana aliiinua. Mama akajisogeza polepole kwa makalio mpaka katikati ya ukumbi, akakaa.

"Mkiyavunja," akasema, "atapata la kuwaambia watu. Atasema alitutoa kwa sababu tulikuwa waharibifu, na atasadikiwa. Mimi nataka aingie humu ayakanyage mazima."

Mume wangu ameiweka nyundo chini, lakini hajairudisha kazini. Ami naye ameleta habari kwamba atakuja Ijumaa, baada ya sala, kutuaga, na ataka tuagane kwa wema. Mama asema nimpokee na nimwamkie kama kawaida. Mimi sijui kama shikamoo itanitoka kinywani.

Ndugu zangu, nyinyi mliokwisha dhulumiwa na jamaa zenu, nishaurini. Niyavunje, au niondoke niyaache yaking'aa?