Siku Tuliyompakia Panzi kwenye Pikapu

Nililoweka kamba. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kulipamba, maana naijua tabia yangu. Kila nipitapo kwenye duka lililotundika kamba za katani nje, mvua ikiwa imezinyeshea, harufu yake ya majani makavu yaliyolowa hunishika puani na kunirudisha Lusahunga, nikiwa na miaka kumi, mikono yote miwili ndani ya ndoo, nikijiona mtoto mwerevu kuliko wote kijijini.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli aliyejifundisha magari kwa kuyafungua na kuyafunga tena. Kwa miezi mingi alikuwa akitengeneza kigari cha ajabu kutokana na gari dogo lililopinduka, la aina ile watu waliyoiita mgongo wa chura. Alilivua bati lote, akabakiza injini, viti viwili na usukani, akalizungushia mabomba ya maji aliyoyaunga mwenyewe, akalivalisha matairi mapana yenye meno. Halikuwa na taa wala namba. Likiwashwa lilirukaruka kabla halijaondoka, kwa hiyo sisi watoto tukaliita Panzi, na jina likaganda.

Panzi hakuwa mchezo. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa mkunga wa zahanati huko Keza, upande wa Ngara, ambako njia nyingi zilikuwa za miguu. Mama mjamzito aliyezidiwa aliwekwa kwenye machela ya kusuka, wenyewe huiita ingobyi, na wanaume wa kilimani wakambeba mabegani wakipokezana hadi barabarani. Ilikuwa desturi, na asiyetoa bega aliulizwa. Lakini wakati ule vijana wengi walikuwa wamekwenda vitani, Kagera, na mabega yaliyobaki yalikuwa ya wazee. Shangazi alimwandikia Baba kwamba mama wawili walikuwa wamechelewa kufikishwa. Hakuandika walichelewa kiasi gani. Baba alikunja barua ile, akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo alikula akiwa amesimama.

Kumwendesha Panzi hadi Keza kusingewezekana, kwa kuwa petroli ilitolewa kwa kibali na kibali kilikuwa cha gari moja tu. Gari hilo lilikuwa pikapu ndogo ya kijiji, na tulipewa kwa Jumapili moja. Jumatatu ingekwenda kusomba unga wa wanamgambo, na hakuna aliyejua ingerudi lini. Tena siku hizo, ili kubana petroli, magari hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Basi ilikuwa hivi: Panzi afike Keza kabla ya saa nane, au asifike.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchana kurasa. Herufi moja ikilala vibaya kwenye daftari nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, mpaka mwalimu akaniuliza kama daftari langu lina ugonjwa. Jumamosi jioni, Baba aliponituma nizitoe kamba nne za katani stoo, niliziangalia nikaona ni kavu, zinakwaruza. Nikamkumbuka Mama. Kila alipofunga mizigo ya maharage kwa kamba za mgomba alizilowesha kwanza, na alikuwa na msemo wake: "Kamba kavu haina huruma." Kweli, kamba ya mgomba isipoloweshwa hukatika mkononi. Sikumwuliza mtu kama na katani iko hivyo. Kuuliza niliona ni kukiri kwamba sijui. Nikazizamisha ndooni, nikazikanyaga kwa miguu zinywe vizuri, nikaziacha humo mpaka asubuhi.

Asubuhi alikuja Masanja, dereva, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kitu alichojivunia kuliko udereva ni mafundo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, fundi mdogo. Leo utaona fundo la dume la ng'ombe. Dume likivuta, ndiyo kwanza linakaza."

Tukamsukuma Panzi juu ya mbao mbili. Alikuwa mrefu kuliko bodi, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikaa kwenye ukingo kabisa, mlango wa bodi ukiwa wazi. Kila kitu kilitegemea kamba. Masanja alizishika, akamtazama Baba. Baba alikuwa akiangalia jua. Masanja akazifunga. Zilikaza hata ukizigonga kwa kidole zililia, nami moyoni nikajisifu.

Nilikaa nyuma, ubavuni mwa Panzi, kazi yangu ikiwa kugonga bodi nikiona tatizo. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa ya vumbi, yenye matuta kama mbavu. Kabla hatujafika Nyakahura niliona kamba ya kwanza ikianza kucheza. Nikaigusa. Ilikuwa imekauka, na imerefuka. Naapa nilielewa palepale, kwa vidole kabla ya akili. Maji yalikuwa yameivimbisha na kuifupisha, na sasa jua lilikuwa linairudishia urefu wake. Nikagonga bodi.

Baba alishuka, akapitisha ngumi nzima chini ya kamba. "Hili ndilo fundo la dume?"

"Fundi, fundo halijafunguka. Angalia."

"Naangalia. Limelegea kama ulimi wako."

Wakakaza. Baada ya mwendo mfupi nikagonga tena. Safari hii Masanja alibadilisha fundo, Baba akalifungua akafunga la kwake, nalo likalegea, maana kamba zilikuwa bado hazijamaliza kukauka. Na mafundo yaliyofungwa yakiwa mabichi yalikuwa yameuma, hayafunguki mpaka kwa bisibisi. Kila tuliposimama jua lilikuwa limesogea. Kama ningesema neno moja tu, wangezianika mara moja na kufunga mara moja. Neno lilikuwa mdomoni. Nililiona kama herufi iliyolala vibaya, ila hapa hapakuwa na ukurasa wa kuchana.

Nyakahura watu walikuwa wanatoka kanisani, na gulio lilikuwa limechangamka kando ya barabara. Mama mmoja muuza ndizi akatutazama tukivutana na kamba, akasema, "Mmebeba gari, au gari ndilo linalowasumbua likitaka kurudi kwao?" Watu wakacheka. Baba, ambaye kwa kawaida angejibu kwa utani mkubwa zaidi, aliendelea kuvuta kamba.

Kwenye kilima kilichofuata kamba mbili ziliteleza kwa pamoja. Panzi alirudi nyuma taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga, magurudumu yakashuka kwenye ukingo, tumbo likagonga chuma. Nilipiga kelele na bodi pamoja. Tulipomwangalia, ekseli ya nyuma ilikuwa imepinda. Waumini waliotufuata kwa miguu walitusaidia kumwinua, wakihesabu moja mbili tatu, nguo zao za Jumapili zikipakwa grisi.

"Masanja," Baba alisema, sauti ikiwa chini sana, "niliomba dereva, nimepewa mchunga ng'ombe."

Masanja alifuta mikono kwenye suruali. Alinitazama mimi, si Baba. Kisha akapanda garini, akawasha injini.

Tulifika kwenye kizuizi cha mgambo saa nane imepita kidogo. Kijana wa mgambo hakuwa mkali, alikuwa hata na aibu. "Wazee wangu, mngekuja mapema kidogo tu." Baba alimweleza habari za zahanati, akamwonyesha barua. Kijana aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Naamini, baba. Lakini saa nane ni saa nane."

Jumatatu alfajiri pikapu ilibidi irudi. Panzi alishushwa pale kando ya kizuizi na ekseli yake iliyopinda, Baba akaahidi kumfuata. Pikapu ilikwenda kaskazini, haikurudi mwaka ule. Baba alipopata nafasi ya kufika tena, matairi na injini havikuwepo, na mtu alikuwa ameyageuza yale mabomba kuwa zizi la mbuzi. Huko Keza, Shangazi alikuwa amewapanga watoto wa shule wampokee Panzi kwa nyimbo, wakakaa hadi jioni. Baba alimwandikia kueleza. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Kaka, mabega bado yapo." Baba aliusoma, akatoka nje. Nilitamani angetukana.

Yeye na Masanja hawakuwahi kusalimiana vizuri tena. Niliwatazama wakipishana njiani miaka yote ya shule, kila mmoja akitazama upande wake.

Baba alishafariki nilipomkuta Masanja kwenye gulio la Nyakahura, mzee, amekaa juu ya gunia. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Alisikiliza huku akisokota kipande cha kamba.

"Nilijua," akasema. "Nilipozishika zilikuwa zinachuruzika maji."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani kaziloweka baba yako. Mtu hamsahihishi fundi mbele ya mwanawe. Halafu pale kilimani nikakuona uso. Nikajua ni wewe." Akavuta kamba, fundo likakaza. "Nikasema moyoni, atasema mwenyewe. Nikangoja."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa langu lilikuwa ile ndoo. Ndoo ilikuwa ujinga wa mtoto, na Baba angeicheka kabla hatujafika Nyakahura. Kosa lilikuwa kuwaacha watu wawili wazima wagombane kwa ajili ya fundo ambalo lilikuwa zuri.

Siku hizi nafunga kamba zikiwa kavu, na nikikosea, nasema kabla gari halijaondoka.