Pampu ya Watu Wawili

Vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, liliniachia pumu. Dhahabu yenyewe waliondoka nayo wengine. Hospitalini Masumbwe nikapewa pampu mbili. Ya bluu ilikuwa ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia, muuguzi alisema, ni ya kinga.

Mke wangu akasikia kinga, akaelewa kinga. Aliifunga uzi akaitundika kwenye msumari juu ya mlango, pale zinapokaa dawa za kulinda nyumba. Mwezi mzima ikatulinda kutoka huko juu, na kifua changu kikipiga filimbi chini yake. Muuguzi alipopata habari alicheka mpaka akakaa, kisha akatufundisha: asubuhi na jioni, bonyeza huku unavuta, halafu sukutua mdomo.

Mkono wangu na pumzi yangu havikupatana hata siku moja. Basi mke wangu akawa anabonyeza, mimi navuta. "Haya, vuta." Nikimaliza ananiambia "Wabeja", asante ya Kisukuma, kana kwamba nimemfanyia hisani.

Mwaka jana tulimzika. Tangu hapo nilibonyeza mwenyewe, dawa ikawa inaishia kwenye ulimi. Kifua kilipozidi nikarudi hospitali, nikamkuta muuguzi mgeni. Akaniambia ipo nyingine, ya unga, haibonyezwi, unaivuta tu kwa nguvu.

"Ni kali zaidi?" nikamuuliza.

"Hapana, baba. Majina tofauti, kazi ileile, kutuliza uvimbe kwenye njia ya hewa. Hata hii ya kahawia inatosha ukiwa na mtu wa kukubonyezea. Unaye?"

Nikasema ninaye. Labda ni aibu, labda ubishi wangu tu. Akanipa ya kahawia.

Wiki mbili baadaye jirani alinipakia kwenye bodaboda, midomo imeshageuka rangi. Niliporudiwa na sauti, muuguzi akaniuliza tena swali lake. Nikamwambia sina. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka neno hilo mbele ya mtu, nikalia pale pale kitandani, mzee mzima. Akaniandikia ile ya unga.

Sasa navuta peke yangu, nasukutua, natema nje. Kifua kimetulia. Ile ya kahawia nimeifunga uzi, nikairudisha kwenye msumari wake juu ya mlango.